Mzizi Haukuonekana

Ibra, saa nane usiku. Duka la dawa limefungwa,
kiyoyozi kinakoroma kama mgonjwa wa pumu.
Nimeboresha mfumo; seva haiwaki.
Kiooni mstari mmoja, mweupe:
"Mzizi haukuonekana."

Diski ipo. Naigusa, ina joto.
Ni jina tu: mfumo mpya umeihesabu ya pili,
na faili la zamani bado linabisha hodi
mlango wa kwanza.

"Umefuta?" Zuweina ananiuliza kwa simu.
Sijafuta. Nimeupachika mzizi kusoma tu,
kuandika mwiko; natembea ndani yake
kwa ncha za vidole, kama nyumbani kwa watu.

Bibi yangu, miaka arubaini hapa Ibra,
alikuwa akituma barua Wete
kwa nyumba iliyokwisha kupewa nambari nyengine.
Zilirudi. Alizipanga kwenye kopo la halwa.

Nafuta jina. Naandika kitambulisho kirefu,
herufi na tarakimu zisizojali
diski imechomekwa wapi.
Nawasha.

Feni inazunguka, inasita.
Orodha ya insulini ya watu wa Mudhairib
imo humo.
Kiooni zinashuka nukta. Ya saba. Ya nane.