Saini Hailingani

Mvua ya Loncoche haijui kupiga hodi.
Imeingia nami ofisini, imelowesha fomu ukurasa wa kwanza,
pale palipoandikwa: "Jina kamili la mjeruhiwa."
Eleuterio Huenchumil, naandika kwa mkono wa kushoto.
Herufi zinalala chali, zinaparamiana
kama kondoo mlangoni pa zizi.

"Tarehe ya tukio." Juni, tarehe kumi na tisa.
"Saa." Baada ya chai, kabla ya king'ora.
Msimamizi alikuwa ameing'oa kinga ya msumeno
kwa kuwa ilichelewesha mbao, na meli haingoji.
Hilo halina kisanduku chake.

"Eleza tukio kwa maneno yasiyozidi hamsini."
Msumeno wenyewe haukutumia hata moja.
Gogo lilikuwa la msonobari, lenye fundo ndani,
likaruka kama farasi aliyeumwa na nzi,
na mkono wangu ukalifuata, mazoea tu,
miaka ishirini na mitatu ya mazoea.
Sikusikia maumivu. Nilisikia harufu:
utomvu, chuma cha moto, kisha kitu cha buchani.
Nikahesabu. Yamezidi mawili. Nikafuta "cha moto".

Vidole vitatu. Daktari wao kaviita "viungo vya mbali".
Kumbe nilikuwa navyo karibu siku zote,
nikifungia vifungo vya gauni la Herminda,
nikipimia chumvi, nikimkunia mbwa.
Kuna orodha ukutani: gumba bei yake hii,
cha shahada hii, cha mwisho karibu na bure.
Sikujua natembea na duka mfukoni.

Nemesio Curiqueo alikuwa mashine ya pili. Aliona.
Nilimwomba ushahidi. Akaja usiku, kofia mkononi,
akala mkate, akausifu moto wa jiko,
akasema mkewe ana mimba ya miezi saba.
Kofia akaisahau kitini, akairudia asubuhi bila kunitazama.
Sikumlaumu. Kidole kimoja hakivunji chawa,
na mkono huu uliobaki na viwili
umeielewa methali hiyo kuliko wenye vitano.

Leo ni mara ya nne. Bi Oyarce wa dirishani
miwani yake imefungwa uzi; hana ubaya.
Anaweka mkataba wangu wa zamani kando ya fomu:
kule, saini ya kijana, H kubwa kama lango,
mkia wake umezungushwa mara mbili, maringo matupu;
huku, hawa kondoo.
"Saini hailingani," anasema. "Kompyuta itaikataa."

Nikauinua mkono wa kulia,
nikauweka juu ya karatasi na bandeji yake,
sikusema neno.
Foleni nyuma yangu ikaacha kukohoa.

Akautazama. Akaitazama ile H.
Kisha akachukua kalamu, akaandika pembeni,
mahali palipokatazwa kuandikwa,
kwa mwandiko wa mviringo, wa mwanafunzi mtiifu:
"Aliyetia saini hizi mbili ni mtu mmoja. Nimemwona."
Akagonga muhuri. Ulikuwa mkavu. Akauhohea pumzi, akagonga tena.

"Itachukua muda," akasema. "Na wanaweza kukataa."
Najua.

Nje, mvua ile ile. Herminda yuko kituo cha basi,
mwavuli kaushika mkono mmoja, kapu mkono wa pili,
na bado ana kidole cha kuninyooshea.
"Wamesemaje?"
"Wamesema ni mimi."
Akaweka kapu chini,
akanifunga kifungo cha juu cha koti,
kile kinachonishinda.