Dakika ya Kumi na Mbili

Dukani kila breki inashika.
Unabana mkono, gurudumu linagoma,
muuzaji anatabasamu kana kwamba kaisubu yeye.
Lakini duka lina sakafu bapa,
na mimi sishuki sakafu.

Mimi nashuka Kiboriani,
kutoka ukunguni hadi Mpwapwa mjini,
kilo tisini na mbili kabla ya chai,
na nyuma, kwenye keria, madumu mawili ya asali ya Nyemo.
Kona ishirini na tatu. Nimezihesabu kwa meno.

Mpanda ngazi hushuka, walisema,
wakanyamaza kuhusu anashukaje.

Mwaka juzi nilikuwa na breki za waya.
Kona ya tisa waya ulilia.
Kona ya kumi na moja ukanyamaza,
nikawa abiria wa baiskeli yangu mwenyewe,
soli ya kiatu ikageuka pedi,
kisha miiba ikamalizia kazi.
Siafu wa bonde lile
hadi leo wananisalimia kwa heshima.

Ndipo nikaenda Dodoma, kwa Sechelela,
fundi wa Chang'ombe mwenye kucha nyeusi,
na fedha ya magunia saba ya alizeti mfukoni.
Akatandika gunia, akapanga breki tatu
kama bwana mifugo anavyopanga sindano.

Ya kwanza ya buluu, inang'aa kama bibi harusi.
"Nzuri," akasema. "Pedi zake utazipata ng'ambo,
au peponi."

Ya pili inakunywa mafuta ya breki za gari.
"Yako kila duka la spea, hilo sikatai.
Ila yanafyonza unyevu hewani, kimyakimya,
kila mwaka sharti uyamwage, uweke mapya.
Na wewe, mwalimu, hata kalenda ya ukutani hubadilishi."

Ya tatu nyeusi, imechubuka,
ilibanduliwa kwenye baiskeli ya mtalii
aliyekata tamaa na vilima vya Kondoa.
Pistoni nne, mbili kila upande.
"Hii nimeifungua mara mbili. Nalijua tumbo lake.
Mafuta yake ninayo, chupa ile pale, juu ya redio.
Na mbele nakufungia diski kubwa,
mia mbili na tatu. Moto unataka uwanja."

Nikabana. Ilikuwa laini kuliko ile ya buluu.
Nikakunja uso.

Akaufuta mkono wake kwa kitambaa, polepole.
"Usiulize inashikaje hapa.
Uliza dakika ya kumi na mbili itashikaje,
mafuta yakianza kuchemka,
kiputo kimoja cha mvuke kikaingia kwenye mpira,
nawe ukabana, mkono ukaenda, ukaenda,
hadi kwenye usukani,
bila kukutana na mtu."

Sikuomba hata punguzo.
(Niliomba. Alikataa.)

Jumamosi, saa moja asubuhi, nilianza kushuka.
Bana, achia. Bana, achia.
Usiburute, alinionya, kama unayemsindikiza mgeni
asiyetaka kuondoka.
Kona ya tano, harufu ya chuma na vumbi.
Kona ya tisa nilisubiri kilio. Hakikuja.
Kona ya kumi na moja, mbuzi.

Si mmoja. Njia nzima ya mbuzi,
na kijana mwenye fimbo akiwaita kwa Kigogo.
Vidole viwili, kimoja kila mkono.
Tairi ya nyuma ikachora mstari mfupi mchangani,
beberu akanitazama, akaendelea kutafuna.
Madumu yakagongana mara moja, yakatulia.

Nilichungulia miiba yangu ya zamani.
Ilikuwa imechanua.

Kijana akazunguka baiskeli, akainama.
"Inakimbia kiasi gani hii?"
Nikamwambia sijui, sijawahi kuiuliza.
Akanyoosha kidole kuelekea diski.
"Usiguse," nikasema.
"Bado inaukumbuka mlima."