Mlango wa Friji

Saumu, kijana wako alikuja Jumanne na begi mgongoni.
Viatu alivivua mlangoni, ana adabu huyo Twalib wa Kisauni,
akapanda kigoda cha marehemu mamako
akabandika macho manne meupe, kila moja kama kifuniko cha chupa:
ukumbini, chumbani, mlango wa choo
("Hayapigi picha, babu, wallahi, yanahisi tu")
na la nne, dogo kuliko yote, kwenye friji.

Yanahisi nini? Akasema: mwendo.
Nikacheka. Mwendo wangu mwenyewe siuhisi,
goti la kulia limenikana tangu Ramadhani.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa karani Kilindini.
Penseli sikioni, daftari kifuani,
kahawa ikipanda, sukari ikishuka,
fito nne nazisimamisha, ya tano nailaza juu yake.
Nahodha mmoja alitaka kunihonga saa ya mkono, nikamrudishia.
Gunia lililopasuka ni gunia lililopasuka.

Leo nahesabiwa mimi.
Choo mara sita. Friji mara tatu.
Kulala saa nne na robo, kuamka kabla ya adhana.
Fito, fito, fito, huko Doha simuni mwako,
na gunia ndiye babako.

Usidhani sikukasirika.
Wiki ya kwanza jicho la ukumbini nililivisha kofia yangu ya vito.
Ukapiga simu chai haijapoa:
"Baba, hujatoka chumbani tangu asubuhi?"
Nikasema nimelala,
na mdomoni nina hamri.

Halafu usiku ule stima ikakatika Sparki nzima,
na wewe huko ukaona babako amezimika.
Saa nane Kadzo wa jirani akanigongea,
tochi mkononi, leso begani, mwana mgongoni:
"Mzee Shee! Uko hai? Saumu analia!"
Nilikuwa nimeketi gizani najipepea.
Niko hai, nikamwambia, waliokufa ni watu wa stima.
Tukacheka hata mtoto akaamka.
Lakini alipokwenda zake sikulala.
Analia. Neno hilo lilikaa nami mpaka alfajiri.

Mfunguo Tano nilianguka.
Si kwa kishindo. Niliteleza tu, kama kipande cha sabuni,
nikawa naitazama ndoo kwa chini.
Madumu mawili ya maji ya mkokoteni, ya kununua,
yalinipitia yakaenda zake.
Simu iko kitandani. Sauti haitoki.
Nikafanya kazi niliyoizoea: nikahesabu.
Elfu moja mia nane na sita,
ndipo nikasikia ufunguo wa Kadzo mlangoni.
Jicho la choo lilinihesabu kuingia,
likangoja kunihesabu kutoka,
na hesabu haikufunga.
Karani mwenzangu yule. Hahongeki.

Kofia nimeirudisha kichwani.

Ila kuna jambo sijakwambia.
Saa tisa usiku nikiamka, upande wa mamako umepoa,
naburura goti hadi jikoni nafungua friji.
Maji sitaki. Tende sitaki.
Nafungua, nafunga.
Nafungua, nafunga.
Mara mbili ni hujambo.
Kile kimwanga kinanimwagikia miguuni
nami najua simu yako imetikisika chini ya mto.

Juzi ukaniuliza, "Baba, hii njaa ya usiku, tukapime sukari?"
Nikanyamaza.
Sukari gani, mwanangu.

Na wewe je? Huko ghorofa ya kumi na saba,
zamu za usiku, samaki wa kopo,
mlango wako umefunguliwa mara ngapi wiki hii,
na aliyeingia ni nani?
Niletee hesabu.
Penseli ninayo.