Maotea

Daktari alisema, "Haionekani."
Nikamwuliza: haionekani, au haipo?
Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti,
akairudisha usoni, akasema lilelile:
"Haionekani, mama. Urudi baada ya miezi sita."

Mimi ni mkulima wa Isongole.
Najua maneno hayo mawili hayalali kitanda kimoja.
Asubuhi ukungu wa Rungwe humchukua jirani yangu Anyosisye,
shamba lake, mgomba wake, na ng'ombe wake wawili.
Haonekani.
Lakini jembe lake nalisikia.

Na viazi, je?
Unachimba tuta zima,
unapekua udongo kwa vidole
kama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto,
unajaza lumbesa, unashona mdomo wa gunia,
lori linaondoka, unajinyoosha mgongo, unasema nimemaliza.
Unapanda maharage.
Mvua ya Novemba ikinyesha mara mbili tu,
katikati ya mstari kinachomoza kiazi usichokipanda.
Maotea.
Sijamwona bado mkulima aliyechimba vyote.

Kule Dar walinitundikia dripu nyekundu kama juisi ya rozela.
Kucha zikawa nyeusi, kama za mtu aliyetoka kuvuna,
nami nilikuwa nimelala tu.
Kitanda cha pili alikuwapo Ida Mgaya wa Njombe,
aliyeficha maparachichi chini ya mto ili yaive,
akinipimia ulaini wake kwa kidole gumba: "Bado. Bado. Hili, kesho."
Jumanne moja tukaambiwa sote wawili: haionekani.
Tulicheka mpaka nesi akaja kutazama kulikoni.
Mwezi wa tatu nilimpigia.
Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.
Kwa sasa.
Hilo "kwa sasa" nimelala nalo siku nyingi.

Huku nyumbani wanataka neno zima.
Muuza mizizi wa soko la Kiwira anasema ni chupa zake tatu.
Wifi yangu Tumpe anasema ni mkesha, na yeye ndiye alikesha.
Mchungaji ananiambia, "Simama utoe ushuhuda, mama Lugano,
sema umepona kabisa, watu wajengwe."
Kila mtu anakuja na gunia lake
kwenye mavuno ambayo mimi mwenyewe sijayapima.

Nilisimama.
Upande wa kushoto wa blauzi niliweka soksi ya Lugano, nimeikunja,
ikaanza kuteleza.
Spika ikapiga mluzi.
Nikasema: Ijumaa nimepalilia matuta manane bila kukaa chini.
Wakangoja.
Nikasema: manane.
Mchungaji akaitikia amina mapema mno,
kwaya ikaninusuru.

Sikuwadanganya. Wala sikuwakatia tamaa,
maana yupo mama pale Tembela, miaka kumi na tisa sasa,
anabeba kuni kichwani na kuwagombeza wajukuu;
naye hakuna aliyemwambia lile neno lingine.
Alichoka kulingoja, akaendelea na kuni.

Jana mvua ya pili imenyesha.
Nimeyaona, palepale, kati ya maharage.
Mwaka jana ningefukua mpaka adhuhuri, jembe likinitetemeka,
nikiharibu na maharage yenyewe.
Jana nilichuchumaa. Nikang'oa shina moja.
Nikang'oa la pili. Mkono wa kushoto ulipovimba nikatumia wa kulia.
Kesho nitaupita tena mstari uleule,
na kadi ya kliniki iko nyuma ya saa ya ukutani,
tarehe kumi na nne.

Vile viazi, vidogo kama vifungo vya koti, nilivileta ndani.
Lugano akavitazama kwenye sinia.
"Mama, haya maotea yataisha lini?"
Nikamwambia achochee moto,
maji yalikuwa bado hayajachemka.