Kumi na Saba Oktoba

Leo nimezaliwa. Mpwa wangu Zuwena
kaniletea keki lindoni, Tottenham Court Road.
Nikamwambia: kanyaga polepole,
hapa waliwahi kuzama watu.
Si mtoni. Kwenye bia.

Mwaka 1814 pipa la kiwanda lilipasuka,
wimbi likashuka hadi chumba cha chini
walikokaa matanga ya mtoto wa miaka miwili.
Waliokuja kumlilia wakamfuata.
Wachunguzi wakasema: ajali tu, bahati mbaya.
Mwenye kiwanda akarudishiwa kodi ya bia iliyomwagika.
Wafiwa wakachangiwa sarafu na wapita njia.

Tarehe hiyohiyo, 1931, Chicago,
jambazi aliyesifika kwa maiti
akatiwa hatiani. Kwa kodi.
Zuwena anacheka, keki inampalia.
Damu haina risiti, mwanangu.

1956, Cumberland:
utepe unakatwa, umeme wa nyuklia, makofi.
Mwaka haujatimia, mtambo wa jirani ukashika moto,
maziwa ya mashamba ya huko yakamwagwa yote.
Bia, maziwa.
Tarehe hii haijui kushika kikombe.

Kisha 1971, Chake Chake, mimi.
Mkunga akasema siku njema huonekana asubuhi.
Ilikuwa saa nane usiku.

"Puliza basi, mjomba."
Napuliza. Moshi unapita juu ya barua ya kodi
ambayo sijaifungua tangu Agosti.
Kwenye kidirisha cha bahasha nasoma nusu ya mstari:
mwisho wa kulipa, kumi na saba