Pima ya Tano

Aliuacha pima saba na shibiri,
ukili umeviringwa uvunguni, Kiuyu,
miyaa imechomoza, inadai.

Nilijaribu kuuendeleza. Nyekundu ikapanda
palipotaka nyeusi; ua likatoka chongo.
Shangazi Mwanakombo akacheka: "Hilo ua au jipu?"

Basi nikaufumua.
Mwaa kwa mwaa, nikirudi nyuma,
nikausoma mkono wa mama kinyumenyume:
mbili juu, moja chini, nyeusi ijifiche.

Kwenye pima ya tano nikakuta zambarau.
Nyekundu ilimwishia,
mwaka ule mikarafuu ilipogoma,
naye hakusema.

Nimeusuka upya wote.
Nyekundu ninayo, chungu kizima.
Pale pa tano
nimetia zambarau.