Bizimu la Kamani

Kalunde aliweka kiatu juu ya meza yangu
kikiwa bado kinachuruzika tope la Kiloleni,
na juu ya kiatu, kiatu kingine:
gamba la mpira wa tyubu, kalishona mwenyewe kwa uzi wa nailoni,
la kuvalia juu ya viatu vya kazi masika yakikolea.
"Kamba hizi," akasema, "zinanikosanisha na watoto.
Naitwa saa nane usiku, mwenzangu yuko kwenye uchungu,
na mimi nimeinama mlangoni, napigana na fundo lililolowa.
Nitengenezee kitu cha kufunga kwa mkono mmoja.
Wa pili una tochi."

Mkono mmoja.
Nikaandika ukutani kwa chaki.

Nilianza na spoku ya baiskeli.
Ilikunjika vizuri, ikakaa ilivyokunjwa,
tiifu kama mtoto aliyetoka kuchapwa.
Haikurudi.
Chuma kisichojua kurudi ni waya tu.

Kisha msumeno wa chuma, ule uliokwisha meno.
Uliinama mara tatu. Ya nne ukakatika,
kipande kikapita kando ya jicho la Mihambo, mwanagenzi wangu,
ambaye hadi leo anasema kilimsalimia.

Ubavu wa mwavuli ulifunga, ukafungua, ukafunga.
Tukacheka kama walevi.
Tulipotia mguu wa Mihambo ndani, ukamng'ata kifundo,
naye akatembea siku nzima akiuonyesha mtaa mzima.

Mvua ikaingia kweli. Bati likatunyima maongezi.
Kwenye kopo la maziwa vilijaa vilivyoshindwa,
na kila nikipita nalitikisa kidogo,
sijui kwa nini.

Ndipo nikatazama juu:
saa ya baba, aliyopewa siku anaaga kazi ya reli,
imesimama saa nne na robo tangu tulipomzika.
Ndani yake kamani, imejiviringa,
ina nguvu ya miaka mingi na haina pa kuipeleka.
Siku mbili niliitungua, nikairudisha msumarini.
Ya tatu sikuirudisha.

Ilitoka kwa hasira, ikanichana kidole gumba.
Nikakata vipande viwili,
nikavikunja vikiwa vyekundu, nikavizamisha,
vikawa vigumu na vikavu kama kioo.
Basi nikavirudisha motoni, polepole safari hii,
mkaa wa mninga, pumzi ndogo,
nikitazama rangi zikipita juu ya chuma:
nyasi ya Agosti,
asali changa, asali ya mwisho wa mzinga,
zambarau —
"Mafuta!"
na Mihambo akasogeza kopo.

Mgongo nikauinua kidogo tu,
ili bizimu lipande, lifike kileleni, lisite,
kisha lijitupe lenyewe upande wa pili.
Mkono unashauri; chuma kinaamua.
Ncha nikaivingirisha nje, kama mdomo wa mtungi,
kidole chenye ganzi kipate pa kushika.

Kalunde alijaribu akiwa amefumba macho.
Tak.
Tak.
"Kushoto kunabana."
"Kutalegea."
"Usiniambie kutalegea. Nilegezee."
Nikalegeza. Akalipa nusu, akaacha kilo ya karanga.

Watu wakiingia bado wanatupa jicho ukutani.
Uso upo, mishale ipo, tumbo tupu.
Wakiniuliza saa ngapi, nawaambia
saa iko miguuni kwa mkunga, kamfuateni.

Jana usiku mvua ilipopungua
nilisikia mbio barazani kwa kina Nyanzala,
mlango, sauti ya mwanamke ikipanda,
kisha, chini kabisa, karibu na sakafu:
tak.

Nikahesabu.
Moja, mbili,

tak.

Ni ile ya kushoto.
Akipita asubuhi nitaipasha tena.